Mgeni Apewe Jembe Gani?

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka ya chama chetu



Taarifa ya mapato na matumizi iliyokaguliwa imechapwa kwenye kurasa za nyuma za brosha hii. Hatutaisoma hapa, maana tunajua wengine mkisikia neno "salio" macho huanza kufumba. Tunaomba mkaisome nyumbani kwa utulivu, na mwenye swali atuulize. Leo Halmashauri ya chama imetuagiza tuzungumzie jambo moja tu, tulilotakiwa kulipigia hesabu kabla hamjafungua pochi zenu.

Jambo lenyewe ni hili. Chama kimepokea barua kutoka kikundi cha wajitoleaji wa ng'ambo. Ni watu 15, wengi wao vijana wa miaka 18 hadi 20, na mmoja ni mhandisi wa maji aliyestaafu. Wanataka kuja mwezi Julai kwa wiki tatu, wapande milimani kwetu, wajenge chumba cha darasa na kusaidia familia maskini. Nauli ya ndege watajilipia. Wanaomba chama kigharamie malazi, chakula, usafiri wa huku na vifaa vya ujenzi.

Barua hiyo imetugawa. Wapo wanaosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapo wanaosema tuna mikono yetu. Watani wetu wa Kilimanjaro hupenda kusema kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Leo tutaupokea utani huo kwa furaha, kwa sababu tumekuja kubishana hadi senti ya mwisho.

Waliokuja kabla

Kujitolea ng'ambo si jambo geni kwetu. Mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha VSO huko Uingereza. Mwanzoni walikuwa wakipeleka vijana waliomaliza shule tu. Baadaye nchi zilizowapokea zilihitaji watu wenye taaluma, na shirika likabadilika, likaanza kutafuta walimu, wauguzi na wahandisi wenye uzoefu. Mwaka 1961 Rais Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa duniani kupokea watu wao, na walifika miezi michache kabla ya Uhuru. Kikundi hicho cha kwanza kilikuwa cha wapima ardhi, wajiolojia na wahandisi, kwa sababu nchi ilihitaji barabara na ramani, nasi ndio tulioomba watu wa aina hiyo. Mwaka 1965 Japani nayo ikaanzisha mpango wake, ambao umeleta vijana wengi Afrika Mashariki.

Baadhi yetu katika kamati hii tulifundishwa hisabati na fizikia na walimu wa namna hiyo. Walikaa miaka miwili. Walipofika waliwekwa kwanza kwenye familia, wakajifunza Kiswahili hadi wakaweza kuulizia bei ya nyanya na kugombana na utingo. Walisahihisha madaftari, waliugua malaria kama sisi, na walijua mwanafunzi yupi hakula asubuhi. Hatuwezi kusimama hapa tukasema wageni hawana faida. Wengine tusingeshika kikokotoo leo bila wao.

Kwa hiyo tulipoketi na barua hii tulijiuliza kitu gani kilifanya wale wafae. Tulipata mambo manne. Kwanza, walileta ujuzi uliokuwa umeombwa, na ambao haukupatikana pale kijijini. Pili, walikaa muda wa kutosha kuliona kosa lao na kulirekebisha. Tatu, walijifunza lugha. Nne, na hili ndilo husahaulika, waliofanikiwa zaidi walikuwa na mwenzao wa hapahapa, mtu ambaye kazi ingebaki mikononi mwake.

Hili la nne lilipimwa dunia nzima Machi 2020. Ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19, Peace Corps iliwaondoa wajitoleaji wake wote duniani, karibu 7,000, katika muda wa siku chache. Haikuwa lawama ya mtu. Lakini fikirieni shule au zahanati iliyokuwa imemwegemea mtu mmoja wa aina hiyo: Jumatatu yupo, Ijumaa hayupo. Palipokuwa na mwenzake aliyefundishwa, kazi iliendelea. Pasipokuwa na mtu, palibaki ufunguo tu.

Hesabu ya wiki tatu

Sasa turudi kwenye barua yetu. Mhasibu hapimi moyo wa mtu, hupima gharama. Tumekadiria usafiri kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hadi milimani na kurudi, malazi, chakula cha watu 15 kwa siku 21, na gari la dharura endapo mmoja ataugua. Inafika shilingi milioni 11, na hapo hatujanunua mfuko mmoja wa saruji. Juu ya hilo, sheria inataka mgeni anayekuja kujitolea awe na kibali. Viza ya utalii haimruhusu kufanya kazi, hata kama kazi yenyewe ni ya bure. Mwenyekiti wa kijiji asije akaulizwa na Uhamiaji maswali ambayo hakuyatafuta.

Halafu tukapiga hesabu ya pili. Tuchukue mafundi waashi wanne na saidia fundi wanane, wote vijana wa kata yetu. Fundi alipwe 30,000 kwa siku, saidia fundi 15,000. Ni shilingi 240,000 kwa siku. Ndani ya wiki tatu, tukitoa Jumapili, kuna siku 18 za kazi: shilingi 4,320,000. Mafundi hao wameshajenga nyumba nyingi, wanajua mawe ya kule na mvua za kule, na hawatahitaji mtu wa kubomoa na kujenga upya usiku baada ya wengine kulala. Fedha hiyo inabaki kijijini. Inakuwa ada, inakuwa mbolea, inakuwa deni lililolipwa dukani.

Ndugu zetu, kulipa milioni 11 ili tupate kazi ya bure ambayo fundi wa kwetu angeifanya kwa milioni 4 na laki tatu ni hesabu ambayo hata watani wetu wasingetuamini nayo.

Tuwe wa haki lakini. Kuna wanaosema, "Wangetuma tu nauli zao." Hapana. Nauli ya kijana yule si fedha yetu. Asipokuja haitatumwa kwetu, ataitumia kwa safari nyingine. Pia tunajua urafiki ulioanza na ziara fupi uliwahi kuzaa ufadhili wa masomo na kisima. Hilo lipo. Ila urafiki uwekwe kwenye safu ya urafiki, usiandikwe kwenye safu ya ujenzi.

Na lipo jambo zito kuliko fedha. Mgeni wa muda mfupi huja na hamu ya kumwona maskini ili amsaidie, na panapokuwa na hamu, hujitokeza mtu wa kuiuza. Huko Kambodia vituo vya yatima viliongezeka kadiri watalii na wajitoleaji walivyoongezeka, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba watoto wengi waliokuwemo wana mzazi aliye hai. Walitolewa kwa wazazi wao kwa sababu kituo chenye watoto huvuta wageni, na wageni huleta fedha. Hatusemi kikundi hiki kina nia hiyo. Tunasema chama kisikubali kamwe orodha ya "familia maskini za kutembelewa". Hakuna bibi wa kwetu atakayepangwa barazani kwake apigwe picha ili mtu aone umaskini ulivyo.

Kikombe na ng'ombe

Wengi wenu mnaujua mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Wachache wanajua ulikotoka. Dan West alikuwa mkulima wa Marekani aliyekwenda Hispania kama mjitoleaji wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1930. Kazi yake ilikuwa kugawa maziwa kwa watoto wenye njaa, kikombe kwa kikombe, na maziwa hayakutosha. Akaona kwamba familia hizo hazikuhitaji kikombe, zilihitaji ng'ombe. Alirudi kwao akawashawishi wakulima wenzake, na mwaka 1944 mitamba ya kwanza ikapakiwa melini kwenda Puerto Rico. Ndipo likazaliwa shirika la Heifer. Sharti lilikuwa moja: anayepewa mtamba atatoa ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine.

Tazameni uzuri wa sharti hilo kwa macho ya mhasibu. Aliyepokea leo kesho anakuwa mtoaji. Jirani anamfuatilia jirani, kwa sababu ndama anayesubiriwa ni wake. Hakuna mkaguzi mkali kuliko mama anayesubiri ndama.

Lakini tusidanganyane. Mahesabu mengi ya mipango hii huandikwa kana kwamba kila ng'ombe huzaa jike. Ng'ombe hawasomi bajeti. Tukinunua mitamba 10 yenye mimba, tutarajie majike matano hivi katika uzao wa kwanza, tukijaliwa ndama wote wapone. Waliopata madume watasubiri uzao unaofuata. Ndama naye anahitaji miaka miwili na nusu hadi mitatu ndipo azae. Kwa hiyo familia ya ishirini isiahidiwe maziwa mwakani. Na mtamba bila mabingobingo, bila banda, bila dawa ya kupe na chanjo ni msiba ulioahirishwa. Ndigana kali haimwogopi ng'ombe kwa kuwa ametolewa msaada. Ndiyo maana bajeti yetu ina mstari wa matunzo, na ndiyo maana familia itajenga banda na kupanda majani kwanza, ndipo mtamba apande mlima.

Ndiva ni yetu

Mfano mwingine uko mlangoni kwetu. Ndiva hakutuletea mtu. Wazee wetu walichimba mabwawa yale mabegani mwa milima, wakayajaza maji ya chemchemi usiku, wakayafungulia asubuhi kwa zamu, mfereji kwa mfereji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulipokuja Mradi wa Umwagiliaji wa Asili, ukisaidiwa na shirika la Kiholanzi la SNV, ambalo lenyewe lilianza mwaka 1965 kama shirika la wajitoleaji, wageni wale hawakuja kutufundisha kuchimba ndiva. Walikuta ndiva zipo, zamu zipo, viongozi wa maji wapo. Walisaidia pale palipovuja: saruji, vipimo, milango ya maji, mafunzo ya kuzuia mmomonyoko. Kazi ya mikono ilikuwa ya msaragambo.

Huo ndio usaidizi tunaouelewa. Mgeni anaingia katika kazi inayoendelea, anashika upande uliokuwa mzito, na akiondoka kazi haiondoki naye.

Wazee walioko hapa wametuletea habari kwamba ndiva ya kwetu imepasuka ukuta wa chini. Maji yanayokusanywa usiku kucha yanakwisha kabla ya kufika mashamba ya mwisho, na mashamba ya mwisho, kama mnavyojua, ndiyo ya wajane na ya vijana waliogawiwa sehemu ndogo. Chumba cha darasa ni kizuri. Lakini mtoto ambaye mahindi na maharage ya kwao yamekauka hatakaa darasani muda mrefu. Atashuka barabarani kutafuta gari la kuja kwetu huku mjini, na mnawajua, mnao majumbani mwenu.

Sisi nasi ni wageni

Hapa tunaomba tuseme jambo ambalo huenda likauma kidogo. Masharti yale manne tuliyoyatumia kumpima kijana wa ng'ambo, tukijipimia sisi tulioko hapa tutajikuta wapi? Kila Desemba tunapanda mlima na magari yetu. Tunakaa siku 10. Tunatoa ushauri mwingi, tunapiga picha na mama shambani, tunaahidi, tunashuka. Nyumbani wanatupenda, hawasemi. Lakini kwa daftari la mhasibu, sisi pia ni wajitoleaji wa muda mfupi, tofauti ni kwamba tunajua lugha na makaburi ya babu zetu yako pale.

Na ni nani anayejitolea kweli? Ni yule mama anayeitika pembe ya msaragambo alfajiri, akabeba mchanga kichwani kutoka korongoni, halafu arudi kupika. Jina lake halijawahi kuandikwa kwenye brosha. Kamati yetu imeamua kuanzia mwaka huu kazi hiyo iandikwe. Watu 80 wakifanya kazi siku 20 kwenye ndiva ni siku-kazi 1,600. Kwa ujira wa kibarua wa shilingi 8,000 kwa siku, hiyo ni shilingi 12,800,000. Itaandikwa kwenye hesabu zetu kama mchango wa wananchi, mbele ya mchango wa mgeni rasmi, na mheshimiwa ametukubalia.

Tunachopendekeza

Ndugu Mwenyekiti, baada ya hesabu hizo tunawasilisha mapendekezo matatu.

La kwanza ni jibu la barua. Tuwaandikie kwa adabu. Tuwashukuru. Tuwaambie chumba cha darasa tutajenga kwa mafundi wetu wakati wake utakapofika. Tumwombe yule mhandisi wa maji aje, si kwa wiki tatu, bali kwa miezi mitatu, akiwa na kibali halali, akae kwa familia moja, na afanye kazi pamoja na fundi wa maji wa kata na vijana wawili waliomaliza chuo cha ufundi ambao ndiva itabaki mikononi mwao. Vijana wengine wakitaka kuja kutuona, milango iko wazi. Watakula ugali na makande, watapanda mlima, watalipia malazi yao kwa akina mama watakaowapokea. Na kama ilivyosemwa na wahenga, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye msaragambo nafasi haijawahi kujaa.

La pili ni fedha. Lengo letu mwaka huu ni shilingi milioni 60. Milioni 24 ni saruji, nondo, mabomba na mlango wa maji wa ndiva. Milioni 25 ni mitamba 10 kwa milioni mbili na nusu kila mmoja. Milioni 4 ni mabanda, chanjo na dawa kwa mwaka wa kwanza. Milioni 3 ni vifaa vya wataalamu wetu wenyewe. Milioni 4 ni akiba ya dharura, maana mlimani mvua haiombi ruhusa. Wanachama walio kwenye daftari ni 300. Kila mmoja akitoa 200,000, lengo limefikiwa. Ni chini ya shilingi 17,000 kwa mwezi. Aliyejaliwa zaidi ambebe mwenzake, na asiye nazo zote alipe kidogo kidogo.

La tatu ni sisi wenyewe. Tunaomba kila mwenye taaluma atoe wiki moja ya likizo yake, si Desemba wakati wa sherehe, bali wakati kazi inapomhitaji. Humu tuna daktari wa mifugo, wauguzi, wapima ardhi, mafundi umeme, walimu wa sayansi. Nauli kila mtu ajilipie. Atakayekwenda ataorodheshwa na kijiji, kwa kazi iliyoombwa na kijiji, na atamwachia ujuzi mtu wa pale. Sisi wahasibu tumeanza kujiandikisha: tutakwenda kuwafundisha makatibu wa kikundi cha mitamba na kamati ya ndiva kutunza vitabu, ili hesabu zibandikwe kila mwezi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji na mtu yeyote azisome bila kutuomba ruhusa.

Kadi za ahadi zinapita sasa hivi mezani. Jaza jina, jaza kiasi, na chini yake jaza wiki yako. Kadi yenye fedha bila wiki tutaipokea kwa shukrani. Kadi yenye wiki bila fedha tutaipokea kwa shukrani hiyo hiyo. Ahadi ni deni, na mnajua sisi madeni tunayafuatilia. Mwisho wa kulipa ni siku ya mwisho ya Machi, ili saruji ipande mlima kabla barabara haijaharibiwa na masika.

Wazee wetu, mtakaporudi nyumbani, tunaomba mtufikishie salamu moja: pembe ya msaragambo ikilia mwaka huu, nasi wa mjini tumeisikia.

Mungu aibariki milima yetu na maji yake.